Mieleka na Nusu

Tarehe 9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta umesimama nyuma ya kiti chako cha kunyolea, mkasi mkononi, na mdomo wako unafanya kazi kuliko mkasi. Huku kwetu tu wazima. Mama anakusalimu sana. Amehamia chumba cha mbele ili ashone karibu na dirisha, na sasa anajua habari za mtaa mzima kabla hazijatokea. Mdogo wangu amepata kazi kwenye duka la vioo. Mpaka leo hajavunja kitu, tunamshukuru Mungu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mjomba, nilipiga! Nilikuuliza habari za Nusu, ukaanza vizuri kabisa, na alipokaribia tu kutokea kichakani, mteja akaingia. Ukaniweka mezani. Nikasikiliza mashine ya kunyolea mpaka salio likaisha. Ndiyo maana naandika.

Shida yangu ni hii. Pale kwenye jumba la michezo ya watoto ninapotengeneza vikaragosi, mkuu wetu anaandaa mchezo mpya. Huyu mkuu tunamwita Bwana Tena, maana hata ucheze vizuri namna gani atakwambia, "Tena." Anataka viumbe wa hadithi za zamani, lakini zimwi hataki, anasema watoto wameshamzoea. Nikamweleza kuhusu Nusu: mtu wa jicho moja, sikio moja, mkono mmoja na mguu mmoja, anayekaa kwenye njia ya msituni akiwaambia wapita njia, "Tushikane mieleka." Bwana Tena aliinuka kitini. Anataka Nusu mkubwa kuliko binadamu, na mchezaji aingie ndani amtembeze.

Sasa nisaidie. Nusu ni wa upande gani, kulia au kushoto? Upande wa pili kuna nini? Na akiangushwa, inakuwaje? Nilipokuwa mdogo ulikuwa unajificha nyuma ya mlango, nusu yako ikatokeza, ukaja ukirukaruka kwa mguu mmoja. Mwisho sikuwahi kuusikia kwa sababu nilikuwa nimeshakimbia. Mama anasema Nusu ni wa kushoto, lakini yeye mwenyewe anashona kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo katika hili simwamini.

Mpwa wako,
Misumari


Tarehe 17 Machi

Marahaba, Misumari. Kwanza toa hiyo misumari mdomoni. Ndiyo iliyokupa jina, na siku moja utaimeza.

Mimi sijambo. Paa la kibanda limezibwa, lile tundu la juu ya kioo halivuji tena. Mwambie mama yako nimeona fundi anauza uzi mzuri wa bluu, nitamtumia akituma mtu. Mwambie pia Nusu si wa kushoto.

Nimechelewa kujibu, na kosa ni la swali lako. Nililisoma kwa sauti hapa kazini, na tangu siku hiyo watu wanakuja hata kama hawana nywele za kukata. Muuza magodoro anasema kushoto, na hataki kusikia la mtu. Dereva wa lori anasema kulia, tena anasema alimwona, isipokuwa siku ile alikuwa na usingizi. Akaingiza na habari za upinde wa mvua, kwamba kwao ni nyoka anayetoka bwawani kwenda kunywa mawingu. Tukamwambia hilo si swali. Fundi saa, ambaye ni mfupi na hapendi kukumbushwa, akatuletea wale watu wadogo wa porini. Ukikutana na mmoja wao atakuuliza, "Umeniona tangu wapi?" Ole wako useme hujamwona mpaka ulipotaka kumkanyaga. Useme umemwona tangu kule mlimani, hapo mtaagana vizuri. Sasa kila fundi saa akiingia tunapiga kelele, "Tumekuona tangu sokoni!" Anatukunjia uso, lakini kesho yake anarudi.

Kelele hizo ndizo zilizomleta muuguzi wa zahanati ya jirani. Ni mgeni hapa mtaani, kahamishwa majuzi. Alisimama mlangoni na sare yake, akasema, "Jamani, wagonjwa wangu wanasikia mieleka mpaka wodini."  Muuza magodoro akamwomba msamaha na akamweleza kisa. Muuguzi akasema, bila hata kuingia ndani, "Kwetu ni wa kulia. Upande wa pili ni nta tupu. Ukimtazama kutoka huko humwoni." Akageuka akaenda zake. Anavaa viatu vya kijani. Sauti yake ni ya chini lakini inafika. Muuguzi huyu, naona, ni mtu anayesema jambo akishalijua.

Kwa hiyo ni wa kulia. Habari za mwisho wake nitakuandikia, maana hapa mteja ameingia.

Mjomba wako


Tarehe 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo tena. Mama amecheka mpaka akajichoma sindano. Anasema uzi wa bluu anautaka, na la upande wa Nusu mtalimaliza mkikutana.

Habari ya nta imeniokoa. Nimemjenga Nusu wa kulia kwa fito na sponji, kichwa kinakaribia dari ya karakana, na ule upande wa pili nimeufunika kitambaa cheusi kile kile cha pazia la nyuma. Akigeuka tu, anapotea! Mwenzangu Twiga, mchezaji wetu mrefu ambaye ndiye atakayeingia ndani, amefanya mazoezi mpaka mguu mmoja umekuwa mnene kuliko mwingine. Jicho nimelitoa kwenye taa ya pikipiki iliyokufa. Linawaka, Mjomba! Hata Bwana Tena alilitazama kwa muda akasahau kusema neno lake.

Tunafungua mwisho wa mwezi. Shule moja ya hapa karibu imekubali kuleta madarasa yake yote kwa zamu. Lakini mwisho wa hadithi sina, na Bwana Tena anataka msafiri amuue Nusu kwa panga, pazia lifungwe. Moyo wangu haukubali. Niandikie haraka.

Halafu, Mjomba, katika barua yako ile muuguzi ametajwa kuliko Nusu mwenyewe. Viatu vya kijani vinahusiana vipi na hadithi?

Misumari


Tarehe 6 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Natumaini mu wazima. Hapa mvua imenyesha vizuri na barabara yetu imekuwa uji. Nimepaka kibanda rangi, nimeweka na kiti cha pili. Kuna watu wanapenda kukaa kidogo wanywe chai wakitoka kazini.

Swali lako la viatu sikulielewa.

Mwisho wa Nusu huu hapa. Anamwambia msafiri, "Ukiniangusha utajua ninayoyajua, nikikuangusha umekufa." Wanashikana. Usimdharau kwa mguu wake mmoja, Nusu ana nguvu kama mzizi. Lakini huyu msafiri anang'ang'ania mpaka anambwaga chini. Hapo Nusu anasema, "Usiniue. Nitakuonyesha miti ya dawa." Anasimama, anatangulia akirukaruka, na kwa ule mkono wake mmoja anaonyesha: huu wa homa, huu wa tumbo, huu wa mtoto asiyelala. Msafiri anarudi kwao mganga. Haelezi Nusu yuko wapi, na hamchukii. Mwambie Bwana Tena ukimuua Nusu umebaki na panga tu, watu wa kwenu wanaendelea kuumwa.

Hivyo ndivyo marehemu bibi yako alivyosimulia. Muuguzi anasema kwao aliyemwangusha ni mwanamke mwenye mimba, na kwamba hilo linaeleza kwa nini alishinda: walikuwa wawili dhidi ya nusu. Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Sasa, mlisema mnafungua mwisho wa Aprili. Leo ni Mei. Imekuwaje? Sijasikia neno.

Mjomba wako


Tarehe 20 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Asante kwa mwisho wa hadithi. Sisi wazima. Mama mzima. Duka la vioo linaendelea vizuri. Kazi inaendelea vizuri. Maonyesho yamesogezwa mbele kidogo, Nusu anapumzika. Kwa sasa natengeneza maua ya karatasi ya mchezo mwingine, nayo yanaendelea vizuri.

Msalimie muuguzi.

Misumari


Tarehe 28 Mei

Misumari,

Sitauliza hali, maana utaniambia ni nzuri.

Barua yako nimeimaliza nikiwa bado mlangoni pa posta. Wewe tangu ujifunze kuandika hujawahi kunitumia barua fupi hivyo. Huku kwetu mtu anayesema "vizuri" kila mstari ni sawa na mtu anayezuia mlango kwa mgongo wake. Na Nusu anapumzika wapi? Tangu lini Nusu akapumzika? Na maua ya karatasi, wewe? Wewe uliyekataa kuvaa hata gauni la maua?

Nimemsomea muuguzi. Samahani, alikuwa amekaa kwenye kile kiti. Alisikiliza akasema, "Mgonjwa akiniambia haumwi popote, huyo namtandikia kitanda kwanza."

Sema.

Mjomba wako


Tarehe 11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako mfukoni mwa aproni muda wote huu. Basi nasema.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa watoto wa ile shule. Bwana Tena alitaka kishindo, kwa hiyo taa zote zikazimwa. Kukawa giza totoro. Halafu Nusu akatokea, jicho linawaka, kichwa juu huko, anaruka, tumu, tumu, anasema, "Tushikane mieleka!" Mjomba, sijawahi kusikia watoto wakilia namna ile. Walikimbilia mlangoni, wakaangukiana. Kuna mmoja aliingia chini ya benchi na akakataa kutoka mpaka mwalimu wake alipolala kifudifudi naye akaingia. Hakuna aliyeumia, lakini kesho yake mwalimu mkuu alituma ujumbe kwamba shule yake haiji tena. Twiga kasema hamwingii tena yule kiumbe, anaota wale watoto. Na Bwana Tena akanipa amri nimvunje Nusu, sponji itumike kwa kitu kingine.

Sikumvunja. Nimemficha stoo nyuma ya mapazia ya zamani. Nilikuwa nikipita pale natazama pembeni. Nilimtengeneza kwa mikono yangu, Mjomba, nikampenda, na watoto wakamkimbia kama moto. Sikutaka ujue, kwa sababu wewe ukimfanya Nusu kwa mlango tu watu wanafurahi.

Lakini ule mlango wa kwenye barua yako ulinikumbusha jambo. Sikuwa nakimbia mpaka mwisho, sivyo? Kuna siku nililia sana, ukaniita, ukasema, "Njoo huku nyuma uone nusu yangu nyingine." Nikaja, nikaona mkono wako wa pili umeshika kikombe cha chai. Nikacheka. Kuanzia hapo nilikuwa nakuomba umlete Nusu kila siku, ingawa hadithi yenyewe hatukuwahi kuifikisha mwisho.

Basi jana nilikwenda ofisini kwa Bwana Tena. Nikamweleza mwisho wa kweli wa hadithi, nikamwambia nataka onyesho moja, taa zote zikiwaka, watoto waone kikaragosi kwanza. Akaniuliza, "Nani ataingia ndani, na Twiga amekataa?" Nikajisikia nikisema, "Mimi." Mimi ambaye hata kusoma risala ya harusi nilishindwa! Akanitazama sana. Halafu akasema, "Haya. Tena."

Sijawahi kulipenda neno lile kama jana. Onyesho ni Jumamosi ya wiki ijayo. Hatukualika shule, tumebandika tangazo mlangoni tu. 

Misumari


Tarehe 18 Juni

Mpwa wangu,

Naituma hii kwa dereva wa lori ikuwahi kabla ya Jumamosi. Ameapa hatasinzia.

Neno moja tu. Nusu hamshiki mtu kabla hajamsalimia. Bibi yako hakuwahi kuliruka hilo. Anasimama, anasema, "Hamjambo wasafiri," na anangoja ajibiwe. Mtu uliyesalimiana naye hata ukimwogopa unamwogopa kwa adabu.

Muuguzi anasema uvute pumzi kwa pua uitoe kwa mdomo, na ule kitu asubuhi.

Kibanda kizima kinakuombea, pamoja na muuza magodoro ambaye bado anasema kushoto.

Mjomba wako


Tarehe 1 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Mama amenikataza kuandika mpaka nile, nimekula, sasa sikiliza.

Watu hawakuwa wengi. Benchi za mbele zilijaa, za nyuma zilikuwa na wazazi wawili watatu waliokaa karibu na mlango, nadhani walikuwa wamesikia. Nilitoka jukwaani na aproni yangu, taa zote zinawaka, nikamlaza Nusu chini. Nikawaambia, "Huyu ni fito na sponji, na mimi ndiye ninayeingia ndani. Nani anataka kuchungulia?" Mwanzo hakuna aliyesogea. Kisha mmoja akaja, halafu wote wakaja, wakaingiza vichwa, wakagonga jicho, mmoja akauliza kama Nusu anaenda chooni. Wakarudi kukaa. Nikaingia.

Ndani ni joto, na unaona kwa tundu dogo la shingoni. Nikasimama. Nikasema, "Hamjambo wasafiri." Nikangoja, Mjomba, na kungoja kule kulikuwa kurefu. Halafu ukumbi mzima ukajibu, "Hatujambo!" Miguu ikaanza kuruka yenyewe. Yaani mguu.

Twiga alikuwa msafiri. Alikubali akasema bora apigane naye kuliko kuwa yeye. Tukashikana, akaniangusha, nikasema maneno yangu: "Usiniue, nitakuonyesha miti ya dawa." Ndipo mtoto wa kike, mwenye koti la mvua la njano, akapanda ngazi za jukwaa. Hakuna aliyemwita. Akamwambia Twiga, "Sogea." Watu wakacheka. Akanigeukia, "Inuka. Shikana na mimi."

Ningefanyaje? Niliinuka. Akanikumbatia goti, akasukuma. Watu wanadhani nilijiangusha kwa kumpendelea. Mjomba, alinibwaga kweli. Akanikalia kifuani, akasema, "Sasa nionyeshe dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya bibi yangu. Hatoki chumbani tangu babu afariki."

 Mimi nimo mle ndani, jasho linanitiririka, na hakuna mtu aliyeniandikia maneno ya hapo. Nikaona siwezi kumdanganya mtoto. Nikasema, "Mti huo siujui wote."

"Kwani wewe hujui kila kitu?"

"Mimi ni Nusu. Najua nusu. Nusu nyingine anayo bibi yako mwenyewe. Mwambie aje Jumamosi, tuziweke pamoja."

Akafikiri. Akasema, "Sawa," akashuka, akaketi. Bwana Tena alikuwa amesimama pembeni mwa pazia, na Twiga anasema alikuwa anafuta miwani ambayo hakuivaa siku ile. Tulipomaliza akasema, "Tena, Jumamosi ijayo."

Wiki nzima sikulala vizuri. Nilijiambia, je, asipokuja? Nimemwahidi mtoto jambo lisilo langu.

Jumamosi hiyo tukafungua mlango. Watoto walikuwa wengi mara mbili, na baadhi yao wamevaa sare za ile shule, wameletwa na wazazi wenyewe. Koti la njano lilikuwa benchi ya mbele, na pembeni yake mama mmoja mzee, mnyoofu, mkoba magotini, hakucheka wala hakununa. Nilipoangushwa na kuuliza nani mwingine anataka mieleka, yule mama akasimama.  Akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa, akainama, akachungulia kwenye lile tundu la shingoni kama aliyejua nipo hapo.

Akasema, "Mimi siwezi mieleka, mwanangu. Nimekuja kuona kama umeumia. Huyu mjukuu wangu ni mzito."

Watu walicheka mpaka benchi zikalia. Na yeye akacheka. Mjukuu wake hakutazama jukwaa tena, alikuwa anamtazama bibi yake. Walibaki mpaka tukazima taa, na mama yule alimaliza chai yetu yote ya nyuma ya jukwaa akiwasimulia wachezaji kuhusu watu wa kwao wanaogeuka fisi. Bwana Tena alikuwa anaandika.

Mwalimu mkuu ameuliza nafasi. Njoo, Mjomba. Njoo umwone.

Misumari wako


Tarehe 9 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba, na marahaba ya pili kwa ajili ya yule mama. Barua yako imesomwa hapa kwa sauti. Dereva wa lori alitoka nje akasema anaangalia gurudumu. Fundi saa anauliza kama hao wanaogeuka fisi ni warefu.

Ninakuja. Nitafika Ijumaa ya mwisho wa mwezi kwa basi la asubuhi, mama yako akipenda anitandikie sebuleni. Namletea uzi wake wa bluu. Nitafunga kibanda, wateja watavumilia na nywele zao. Yule muuguzi naye ana likizo siku hizo hizo, imetokea tu, na angependa kuona kama umempa Nusu upande wa kulia sawasawa.

Sina habari nyingine.

Mjomba wako


Mpwa wetu,

Mjomba wako amenipa barua hii niipitishe posta nikienda kazini. Haikuwa imefungwa, nimesoma, na naona habari nyingine anayo.

Jumatatu alikuwa anamnyoa muuza magodoro. Mimi nimekaa kwenye kiti cha pili na chai yangu. Katikati ya kazi akazima mashine, akanigeukia, akaniuliza kama ningekubali kuwa mkewe. Akasimama hivyo hivyo, kitana mkononi, akingoja. Muuza magodoro naye akageuza kiti kuningoja, upande mmoja wa kichwa umenyolewa unang'aa, mwingine bado msitu. Watu wawili wananitazama, na mlangoni kuna foleni.

Nilitaka kumwambia anipe wiki nifikirie. Lakini muuza magodoro asingeweza kwenda nyumbani kwake namna ile. Nikasema ndiyo.

Mwambie Mama atandike kwa wawili. Mimi nitalala chumbani kwako mpaka harusi.

Muuguzi wa jirani